Chakula cha shule kutoka mashamba ya jirani: maswali ya wazazi na kamati za pembezoni mwa Dar es Salaam

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila wazazi wanapokaa kuzungumzia chakula cha mchana katika shule zilizo mbali na lami: Kimbiji, Pembamnazi na Kisarawe II kule Kigamboni, Zingiziwa na Msongola upande wa Chanika, Mabwepande upande wa Kinondoni. Majibu yamelenga shule za msingi za serikali za kutwa. Bweni lina mambo yake.

Kwani Dar es Salaam nayo ina shule za pembezoni?

Inazo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa huu, kwa hiyo ukitaja Dar mtu anaona ghorofa za Posta na foleni ya Ubungo. Mkoa huohuo una mitaa ambayo kwa sura ni vijiji kamili: minazi, mihogo, na barabara ya udongo ambayo masika ikikolea bodaboda anakataa safari au anakutajia bei ya kukukomoa. Mwalimu wa Pembamnazi akitaka kitu Kariakoo, apite Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016 au apange foleni ya kivuko, siku yake imekwisha.

Cha ajabu ni kwamba alfajiri, pikipiki zilizofungwa matenga ya mchicha na matembele zinapita mbele ya geti la shule kwenda mjini. Saa nne, shule hiyohiyo inatuma mtu kununua kabichi iliyosafiri kutoka Lushoto au Iringa. Chakula kipo. Kinachokosekana ni oda ya uhakika na siku ya malipo inayojulikana, na sehemu kubwa ya majibu yaliyo hapa chini inazunguka hapohapo.

Elimu si bure? Kwa nini wazazi wachangie chakula?

Elimu bila ada ilipoanza 2016 iliondoa ada na michango ya lazima. Chakula cha mchana cha shule za kutwa hakikubebwa na ruzuku ile. Mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni wa mwaka 2021 unaiweka jamii na wazazi katikati ya jambo hili, maana yake mnakubaliana kwenye mkutano, mnaandika muhtasari, na ofisi ya mkurugenzi inajua mnachofanya.

Mambo mawili hayana mjadala. Walimu hawashiki hela: tangu 2018 walikatazwa kujihusisha na michango, kwa hiyo anayepokea na kuandika ni kamati ya wazazi. Na mtoto hanyimwi sahani wala harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi wake hajatoa. Kamati inayomsimamisha mtoto pembeni huku wenzake wanakula imeshindwa kazi, hata kama daftari lake ni safi.

Wazazi wetu hawana hela. Tufanyeje?

Anzeni kwa kuuliza kila mtoto anapewa shilingi ngapi za shule asubuhi. Hata kwenye mitaa ya hali ya chini, wengi wanapewa kitu, na kinaishia kwa muuza mihogo ya kukaanga, kachori na barafu nje ya geti. Hela hiyo tayari inatoka mfukoni kila siku. Kinachoombwa ni ibadilishe njia. (Wauzaji wa getini watalalamika, na wana haki. Baadhi yao ni wazazi wa shuleni hapo na wanaweza kuwa wapishi wazuri kuliko mtu yeyote mtakayemleta.)

Halafu kubalini michango ya vitu: nazi, mihogo, mbaazi, choroko, hata siku za kazi jikoni. Ila pimeni kwa mzani na muandike thamani yake siku hiyohiyo. Bila mzani, mzazi aliyeleta mihogo mitatu na aliyeleta nusu kiroba watahesabiwa sawa, na muhula unaofuata wote wataleta mitatu.

Wasioweza kabisa wahesabiwe kabla, kimyakimya, kwa msaada wa mjumbe wa shina anayezijua kaya. Mfano wa hesabu tu: shule ina watoto 400 na sahani moja inagharimu Sh 600, siku nzima ni Sh 240,000. Kama 40 hawawezi, gawanyeni kwa 360, inakuwa kama Sh 670 kwa kila anayeweza. Semeni hivyo wazi mkutanoni tangu mwanzo. Nakisi isiyosemwa Januari huonekana kwenye sufuria Machi.

Mtoto mmoja anahitaji chakula kiasi gani?

Kipimo cha kuanzia jikoni kwa mtoto wa msingi: unga gramu 100 hadi 120, maharage makavu gramu 30 hadi 40, mboga mbichi gramu 100. Kwa watoto 400 hiyo ni unga kilo 40 hadi 48, maharage kilo 12 hadi 16, na mboga kilo 40. Usitishwe na hizo kilo 40. Mchicha ukiingia kwenye moto unanywea hadi unabaki kijiko kikubwa kimoja kwa kila sahani. Darasa la awali watakula pungufu, darasa la saba watarudi kuomba tena.

Menyu ipangweje kwa vitu vya huku Pwani?

Fuateni shamba, menyu itakuja yenyewe. Kosa linalojirudia ni kunakili menyu ya shule ya mjini yenye kabichi, karoti na hoho, kisha kuhangaika kuvitafuta mahali ambapo havilimwi.

Huku kuna matembele karibu mwaka mzima, mchicha, kisamvu, majani ya kunde, bamia, nyanya chungu, mihogo, viazi vitamu, mbaazi, choroko na nazi. Hapo unapata makande na matembele siku moja, ugali na maharage na mchicha siku nyingine, mihogo ya nazi na dagaa katikati ya wiki. Ijumaa wekeni chakula chepesi kinachowahi, kwa sababu watoto wengi wanaondoka kwenda msikitini: uji mzito na kiazi kilichochemshwa kinatosha. Mkipata mbegu za viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, pandeni au mpeni mkulima apande. Kimoja cha ukubwa wa kati kinatosha mahitaji ya vitamini A ya siku nzima kwa mtoto mdogo.

Tunda si anasa. Kipande cha papai au chungwa baada ya maharage na mboga za majani husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai ya rangi baada ya chakula hufanya kinyume, kwa hiyo iacheni kwenye ofisi ya walimu. Maembe nayo yana mtihani wake: msimu wake mkubwa unaanguka Desemba, shule zimefungwa.

Tununueje kwa mkulima bila kupunjana?

Hapa ndipo miradi mingi inapokufa, kwa hiyo tukae kidogo.

Nenda bustanini saa kumi na moja alfajiri uone mchicha unavyouzwa. Mchuuzi anatembea juu ya njia kati ya matuta, anainama, anageuza majani kutazama chini kama kuna wadudu, anataja bei ya tuta zima. Mkulima anakataa, anaongeza, wanakubaliana. Watu wa mchuuzi wanang'oa wenyewe, wanafunga mafungu, wanaosha mizizi, na hela inatoka mfukoni palepale, noti zikiwa na unyevu. Mkulima hajapima kitu, hajabeba kitu, na saa moja asubuhi ana hela ya kununua mbegu.

Sasa linganisha na shule. Shule inataka kilo, inataka mboga iletwe mlangoni, iwe imeoshwa, na malipo "mwisho wa mwezi, mwenyekiti akirudi". Mkulima mwenye akili timamu atakuuzia kilichobaki. Msimlaumu.

Shule ina kitu kimoja ambacho mchuuzi hana: haishushi bei ghafla. Mchicha ukifurika mjini, mchuuzi haji kabisa na tuta linakomaa hadi linatoa maua. Shule inahitaji kilo 40 zilezile Jumanne na Alhamisi, iwe bei juu au chini. Huo ndio uzito wenu kwenye mazungumzo. Kubalianeni bei moja ya kilo kwa muhula mzima, katikati ya bei ya wakati wa wingi na ya wakati wa uhaba. Kuna wiki mtalipa zaidi ya soko na kuna wiki mkulima atawauzia chini ya soko, na wote mjue hivyo tangu mwanzo.

Malipo yawe kila Ijumaa, kwa simu, risiti ikibandikwa ubaoni. Wiki moja ni muda ambao mkulima mdogo anaweza kusubiri. Wiki tatu atakuwa ameshakopa kwa mtu mwingine, na mazao yake yajayo si yenu tena. Ikiwa michango yenu inaingia mwisho wa mwezi, msianze kununua hadi muwe na akiba ya wiki mbili mkononi.

Chukueni wakulima watatu au wanne badala ya mmoja, wapande kwa kupishana wiki. Mchicha unavunwa wiki tatu hadi nne tangu kusia, kwa hiyo mkulima anayejua tarehe zenu anaweza kuhesabu kurudi nyuma. Mpeni kalenda ya shule, pamoja na likizo ya Juni na Desemba. Ni karatasi moja tu, lakini bila hiyo atapanda matuta ya kuvunwa siku mliyofunga shule.

Kwa nafaka na mikunde, kataeni lumbesa hata kama inaonekana kuwapendelea. Gunia lililojazwa hadi likashonewa kofia halina kipimo, na mwaka wa pili mkulima atalipunguza kimo kidogo kidogo bila ninyi kujua. Kilo ni kilo.

Si bora shule ilime bustani yake?

Limeni, ila fanyeni hesabu ya maji kwanza. Shule ya watoto 400 inayopika mboga mara mbili kwa wiki inahitaji kilo 80. Tuta la mita 1 kwa 10 likitunzwa vizuri linatoa kilo 15 hivi, kwa hiyo mnavuna matuta matano au sita kila wiki, na ili zamu zisikatike mnatakiwa kuwa na matuta zaidi ya 20 ardhini muda wote. Kila tuta linakunywa kama lita 50 kwa siku wakati wa jua. Jumla ni zaidi ya lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20, kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Nani anazibeba? Tunajua nani anazibeba, na alikuja shuleni kusoma.

Kama mna kisima chenye pampu na tangi, sawa. Ila karibu na bahari onjeni maji kwanza, kwa sababu visima vingine vya ukanda ule vina chumvi. Spinachi huvumilia chumvi kuliko maharage au pilipili. Bila maji ya bomba au pampu, bustani ya shule ibaki darasa: matuta machache, mipapai kuzunguka mahali pa kunawia mikono, mlonge kwenye uzio. Mipapai na mlonge haitaki kubembelezwa, na hainyauki Desemba yote shule ikifungwa.

Mboga za hapahapa ni salama? Tunasikia habari za Msimbazi.

Mnasikia kweli. Bonde la Mto Msimbazi linapokea majitaka ya viwanda na makazi, na tafiti zimeshakuta madini mazito kama risasi kwenye mboga zinazomwagiliwa maji yake. Kuosha hakuondoi madini yaliyokwisha kuingia kwenye jani. Kwa hiyo neno "ya jirani" peke yake halitoshi. Ulizeni maji yanatoka wapi, nendeni mkaone kwa macho, na msinunue bustani inayonywa mtaro. Wakulima wa pembezoni wanaotumia visima na mvua wana sifa kubwa hapo, na waitumie kujinadi.

La pili ni dawa. Kila dawa ya wadudu ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye chupa. Kwenye mchicha unaokua wiki tatu, mkulima aliyebanwa hupulizia leo na kuvuna kesho kutwa. Mwambieni wazi kwamba ninyi hamkatai jani lenye tundu. Mara nyingi anapulizia kwa sababu mnunuzi wa mjini analikataa.

Jikoni tuangalie nini?

Maharage: yaloweke usiku, mwaga maji, yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 ndipo moto upunguzwe. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili inayotapisha, na darasa zima likitapika mradi umekwisha siku hiyo.

Kisamvu kitwangwe na kichemshwe sana, sufuria wazi. Mihogo iwe ya aina tamu, kama Kiroba, na mkulima athibitishe. Mihogo michungu haina nafasi kwenye jiko la shule. Mboga zioshwe kabla ya kukatwa, maana ukiosha baada ya kukata vitamini zinaondoka na maji.

Mahindi na karanga zenye ukungu ni za kutupa. Sumukuvu haitoki kwa kuosha wala kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Dona ina lishe kuliko sembe lakini haikai muda mrefu, kwa hiyo sagisheni ya wiki moja au mbili tu.

Wapishi wapimwe afya, na sahani moja ya kila chakula iwekwe kando hadi kesho yake. Likitokea la kutokea, mtakuwa na cha kupeleka maabara badala ya kubishana.

Samaki je? Tuko ufukweni.

Dagaa wakavu, ndiyo, mara moja kwa wiki. Samaki wabichi bila barafu na kwa watoto 400 wenye miiba kooni, hapana.

Masika barabara inakatika. Watakula nini?

Aprili mboga laini zinapigwa na mvua, mchicha unaoza shambani na bei yake inapanda. Hapo ndipo stoo inapoonyesha thamani yake. Kabla ya Machi wekeni mikunde mikavu ya wiki nne: maharage, choroko, na mbaazi ambazo huvunwa miezi ya Agosti na Septemba na zikikauka vizuri hufika masika bila shida. Matembele na kisamvu huvumilia mvua kuliko mchicha. Mihogo inakusubiri ardhini, ila mahali penye maji kutuama huoza, kwa hiyo nunueni kwa mwenye shamba la mwinuko.

Mwezi wa Ramadhani jiko lifungwe?

Lisifungwe. Wapo wasiofunga na wapo wadogo mno. Punguzeni oda, na mkulima aambiwe wiki nne kabla, kwa sababu mchicha wa wiki hiyo anausia sasa. Mihogo, viazi na nazi vitapanda bei kwa ajili ya futari, kwa hiyo viondoeni kwenye menyu mwezi huo.

Watoto hawapendi mboga za majani.

Hawapendi mboga ya maji na chumvi. Tieni nazi au karanga, ziive kiasi tu, mrudi kuuliza tena.

Tutapikia nini? Kuni zimekatazwa.

Serikali ilielekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo. Gesi ndiyo njia ya haraka, lakini makande na maharage huimaliza. Kuloweka usiku hupunguza muda wa moto sana. Ingizeni gharama ya gesi kwenye bei ya sahani tangu siku ya kwanza, usiiweke kama dharura. Mtungi ukiisha Jumatano na hakuna wa kubadilisha karibu, mtagundua umbali wenu, kwa hiyo kuwe na wa akiba.

Kuna nchi inayofanya hivi kwa upana?

Brazil. Sheria yao ya mwaka 2009 iliagiza angalau asilimia 30 ya fedha za taifa za chakula cha shule zinunue kwa wakulima wa familia. Kwa maeneo ya mbali kabisa, Alaska kule Marekani ina mfano wa aina yake: sheria ya kilimo ya 2014 iliruhusu jikoni za taasisi za umma zinazohudumia wenyeji wa asili kupokea samaki, wanyama wa porini na matunda pori yaliyotolewa na jamii. Walichokifanya wote wawili ni kukipa chakula cha mtu wa karibu nafasi jikoni kwa maandishi. Kamati yenu inaweza kuandika sentensi kama hiyo kwenye muhtasari wake bila kungoja Bunge.

Tutazuiaje stoo isivuje?

Mali bila daftari huisha bila habari. Funguo mbili, watu wawili, mmoja mzazi. Kinachoingia kinapimwa, kinachotoka kinapimwa, idadi ya watoto waliokula siku hiyo inaandikwa pembeni. Mkiona watoto 310 wamekula unga wa 400, ulizeni siku hiyohiyo. Mpishi kubeba ukoko nyumbani si wizi. Yajueni hayo mawili na msiyachanganye.

Tuanzie wapi, na nani atusaidie?

Msianze na siku tano. Anzeni na mboga mara mbili kwa wiki kwenye chakula mnachopika tayari, kwa wakulima wawili, kwa muhula mmoja, na mlipe kila Ijumaa bila kukosa. Afisa ugani wa kata atawaonyesha nani analima nini na kwa maji gani. Afisa lishe wa manispaa ataipitia menyu. Wakulima wakijiunga kikundi cha wanawake au vijana, wanaweza kuomba mkopo wa halmashauri wa asilimia 10 kwa ajili ya pampu na mbegu, na karatasi yenye oda ya shule ni kitu kizuri kuambatanisha na maombi.

Kabla ya vyote hivyo nunueni mzani wa kilo 100. Wa kuning'iniza, wenye ndoano, ndio hauharibiki haraka.